Alama za Wakulima: Mbaazi ya Babati Ilivyochaguliwa

Miaka ya 1990 wakulima wa mbaazi wa Babati walikuwa na adui shambani. Mnyauko, ugonjwa wa kuvu wanaoishi udongoni, ulikausha mimea yao, na mbegu ya kienyeji haikuuhimili. Hapa mbaazi hupandwa pamoja na mahindi, na sehemu kubwa ya mavuno huuzwa nje, hasa India. Kuikosa ni kukosa mboga na fedha kwa mkupuo mmoja.

Taasisi ya utafiti ya ICRISAT na watafiti wa Tanzania walileta mbegu kadhaa zijaribiwe, na wakulima wakashirikishwa kuzitathmini. Waliangalia mavuno na ustahimilivu wa mnyauko, lakini pia ukubwa wa punje, weupe anaoupenda mnunuzi na ladha chunguni. Moja kati ya zilizopendwa ilijulikana kwa namba tu, ICEAP 00040. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliidhinishwa nchini kwa jina la Mali.

Kupima mambo kwa uzito kabla ya kuamua kuna historia ndefu. Septemba 1772 Benjamin Franklin alimwandikia Joseph Priestley, aliyekuwa akisitasita kupokea kazi mpya. Alimshauri agawe karatasi pande mbili, aandike sababu za kukubali huku na za kukataa kule, azipe uzito, kisha afute zinazolingana. Hiyo ilikuwa njia ya mtu mmoja mwenye kalamu.

Upimaji wa namna hiyo kufika kwenye mkutano wa kijiji kulichukua zaidi ya karne mbili. Mwaka 1988, huko Mbusanyi, Machakos, nchini Kenya, wanakijiji na wataalamu walipanga pamoja matumizi ya rasilimali za kijiji. Kutokana na kazi za namna hiyo, Kenya na India, zilikua mbinu shirikishi alizozieneza Robert Chambers wa Sussex, Uingereza. Jedwali huchorwa ardhini, mbegu zikapangwa juu na vigezo pembeni, na alama zikawa kokoto au punje za mahindi. Asiyejua kusoma hupiga alama sawa na mwalimu.

Tuseme mbegu ya kwanza imepata 5 kwa mavuno, 4 kwa bei na 1 kwa kuhimili mnyauko: jumla 10. Ya pili imepata 3 kila mahali: jumla 9. Ya kwanza inaongoza. Lakini wakulima wakisema mnyauko ndio unaowamaliza, alama zake zikazidishwa mara mbili, ya kwanza inafika 11 na ya pili 12. Kwa hiyo swali zito kuliko hesabu yenyewe ni nani anayepanga uzito. Mama anayepika akiachwa nje ya duara, ladha itapata sifuri bila mtu kuipigia kura.

Serikali ya Tanzania nayo iliingiza upangaji wa vipaumbele vijijini kupitia utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ulioenezwa nchini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wananchi huorodhesha mahitaji yao, kisha huamua kama kisima kitangulie darasa au zahanati itangulie barabara.

Jedwali halidumu milele. Agosti 2017 India ilizuia uingizaji wa mbaazi kwa kuweka kiwango cha tani 200,000 kwa mwaka, na bei ikaporomoka kwa wakulima wa Tanzania. Mbegu yenye punje nyeupe na kubwa ilibaki bora shambani, ila kigezo cha soko kilikuwa kimebadilika. Alama za jana hazikutosha tena kuamua ekari ngapi zilimwe.

Viongozi wa vijiji, mitaa na vikundi vya Babati, pangeni vigezo kwanza, mradi baadaye. Andikeni alama, zibandikeni ukutani kwenye ofisi ya kijiji au mtaa, na zipitieni upya kila msimu. Mwananchi anayeona jinsi uamuzi ulivyofikiwa anaweza kuukosoa kwa hoja, na hiyo ni haki yake.