Duara, Matimba na Handaki: Lugha ya Usalama wa Mwanaakiolojia katika Ukanda wa Dhahabu

Kiswahili humwita mtafuta dhahabu wa Mwakitolyo mchimbaji, na mwanaakiolojia naye huchimba. Lugha inacho pia kitenzi kuchimbua, kilichoundwa kwa mnyambuliko wa kutendua, chenye wazo la kufukua kilichofichika, nacho humfaa zaidi mwanaakiolojia. Hata hivyo, tofauti hiyo ya vitenzi haikumkinga yeyote dhidi ya kifusi.

Kisheria, kazi hizi mbili zilipita njia mbali mbali. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya 1937, ililinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Shabaha yake ilikuwa vitu na mahali, wala si uhai wa anayefukua. Usalama wa mfanyakazi ulibaki chini ya Sheria ya Viwanda, Sura ya 297, mpaka ilipofutwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003. Mwaka uliofuata, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira iliimarisha tathmini ya athari kabla ya miradi mikubwa, na mwanaakiolojia akajikuta akiingia katika maeneo ya ujenzi na ya migodi akiwa mtu wa kuajiriwa. Uingereza ilikwisha kupitia mageuzi hayo baada ya mwongozo wa mipango wa 1990. Huko mwanaakiolojia hutakiwa mara nyingi kuwa na kadi ya mafunzo ya usalama kama fundi mwashi.

Mafunzo elekezi, basi, si jambo geni tena. Tatizo ni lugha yake. Sheria ya 2003 iliandikwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kilifanywa rasmi kuwa lugha ya sheria mwaka 2021 tu. Istilahi kama “vifaa kinga” na “tathmini ya hatari” ni sahihi, lakini zimetoka ofisini. Wachimbaji wadogo walikuwa wamekwisha kuunda msamiati wao: duara, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya mviringo, likawa shimo la kushukia, mbale, mawe yenye dhahabu, na matimba, kutoka neno la Kiingereza la mbao, yakawa magogo yanayozuia kuta zisiporomoke.

Hapo kwenye matimba ndipo penye mgogoro wa kweli. Mwanaakiolojia hutaka ukuta wa handaki usimame wima, ukiwa mtupu na umesafishwa, kwa kuwa tabaka zake ndizo anazozisoma. Mchimbaji huufunika ukuta huo huo kwa magogo ili aishi. Kila gogo linaloongezwa huficha sehemu ya ushahidi, na kila kina kinachoongezwa bila gogo huongeza hatari. Njia ya kati ipo: kupanua handaki kwa ngazi, au kuchora ukuta kipande kwa kipande kabla ya kuufunika. Lakini hugharimu muda, na muda ndio mwenye mradi asioupenda kuulipia. Mnamo Agosti 2025 maduara ya Nyandolwa, katika wilaya hiyo hiyo ya Shinyanga, yaliwafukia watu 25; aliyeisikia habari hiyo hatayaona matimba kuwa usumbufu wa kitaaluma.

Kwa hiyo mafunzo yanayompa mwanaakiolojia kofia ngumu na fomu ya kutia saini, bila kumkutanisha na fundi wa matimba, yamemfundisha nusu tu. Hatari nyingine haihitaji hata jembe. Katika upimaji wa awali mtaalamu hutembea akiinamia vigae vya vyungu, katika ardhi yenye mashimo yaliyoachwa na kufunikwa na nyasi. Akimwuliza mwenyeji kama kuna duara la zamani karibu, neno zamani kwake ni kabla ya 1863. Kwa mwenyeji laweza kuwa ni masika yaliyopita.