Moto wa fosforasi Ozhydiv, 2007

Tarehe 16 Julai 2007, treni ya mizigo iliyobeba fosforasi ya manjano kutoka Kazakhstan kwenda Poland iliacha reli karibu na Ozhydiv, mkoa wa Lviv, magharibi mwa Ukraini. Matangi 15 yalianguka, sita yakashika moto. Fosforasi hii ni kemikali ngumu yenye sumu, tena huwaka yenyewe ikikutana na hewa. Ndiyo sababu husafirishwa ikiwa imefunikwa. Wazimamoto waliifunika kwa povu, na moto ukazimika baada ya saa chache. Hata hivyo, povu likikauka fosforasi huwaka upya, hivyo ulinzi uliendelea.

Kazi ngumu zaidi, kwa maoni yangu, ilikuwa kuwaambia watu la kufanya. Naibu Waziri Mkuu Oleksandr Kuzmuk aliilinganisha ajali hiyo na Chernobyl, huku maofisa wengine wakisema hakuna hatari. Mwanakijiji aliyeona moshi mweupe juu ya shamba lake amwamini nani? Mwaka 1986 serikali ya Kisovieti ilitangaza ajali ya Chernobyl siku mbili baada ya kutokea, na wazee wa Ozhydiv walikuwepo.