Upangaji wa Reli ya TAZARA

TAZARA, maarufu pia kama Reli ya Uhuru, ni njia ya reli ya kilomita 1,860 kutoka bandari ya Dar es Salaam, Tanzania, hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976.

Chanzo

Zambia haina pwani. Ilipopata uhuru mwaka 1964, sehemu kubwa ya shaba yake ilipitia Rhodesia kwenda bandari za Msumbiji, koloni la Ureno. Mwaka huohuo Benki ya Dunia iliona kuwa mizigo isingetosha kuilipa reli mpya ya kwenda Dar es Salaam. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walijitangazia uhuru, na hoja ya usalama ikaipiku ya faida. Marais Julius Nyerere na Kenneth Kaunda waliigeukia China. Mkataba ulitiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967.

Fedha na njia

Mkopo ulikuwa yuan milioni 988, usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Gharama za ndani, kama mishahara ya vibarua, zilitokana na mauzo ya bidhaa za Kichina katika maduka ya Tanzania na Zambia. Kipande kilichowasumbua zaidi wapimaji ni Mlimba hadi Makambako, ambako reli hupanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu kwa mahandaki na madaraja marefu.

Upana wa reli

Wapangaji walichagua upana wa milimita 1,067, sawa na reli za kusini mwa Afrika, ili mabehewa yaingie Zambia bila kushusha mzigo. Reli ya Kati ya Tanzania ina milimita 1,000. Tofauti hiyo, kama upana wa vidole vinne, ilizitenga njia mbili za nchi moja. Tangu mwaka 1998 zinakutana Kidatu, ambako kontena huinuliwa kwa winchi kutoka behewa la reli moja na kushushwa kwenye la nyingine. Reli ya kisasa ya SGR, yenye milimita 1,435, imeipa Dar es Salaam kipimo cha tatu.