Mserereko na Pampu: Maji ya Kunywa ya Mbeya na Iringa

Mbeya na Iringa zote ni za Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, lakini maji yao ya bomba yana historia mbili. Mbeya imezoea kunywa maji ya chemchemi na vijito vya milima inayoizunguka, maji ya mserereko yanayoshuka yenyewe hadi kwenye matenki. Iringa hunywa hasa maji ya Mto Ruaha Mdogo, unaopita bondeni chini ya mji, na ili yafike nyumbani ni lazima yapandishwe kwa pampu. Tofauti hiyo ya chanzo ndiyo iliyoamua kila mji usafishe maji yake kwa kiasi gani.

Kalenga, makao ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ilikuwa kando ya Ruaha Mdogo. Wajerumani waliibomoa ngome yake mwaka 1894, na miaka miwili baadaye wakaweka kituo chao juu ya kilima ilipo Iringa ya leo. Kilima kilifaa kwa ulinzi na kwa hewa safi. Kwa maji hakikufaa, na gharama ya uamuzi ule wa kijeshi inalipwa hadi leo katika umeme wa pampu.

Mbeya ilizaliwa baadaye, mwaka 1927, wakati dhahabu ya Lupa ilipowavuta wachimbaji kuelekea Chunya. Ilijengwa chini ya mlima Loleza, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na majina ya vyanzo vyake kama Nzovwe, Sisimba na Imeta yakawa sehemu ya maisha ya mji. Maji yake yalikuwa baridi na maangavu, na wengi waliona hayahitaji kufanyiwa lolote. Hapo ndipo penye mtego: vimelea vya homa ya matumbo na vya kipindupindu havibadilishi rangi ya maji wala ladha yake.

Somo hilo lilikuwa limeshafundishwa kwa msiba huko Ujerumani kwenyewe. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 mjini Hamburg, uliokunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Mji jirani wa Altona ulichota katika mto uleule, tena chini ya majitaka ya Hamburg, lakini uliyapitisha kwenye machujio ya mchanga. Wakazi wake wengi walinusurika. Chujio la namna hiyo lilikuwa limejengwa Chelsea, London, tangu 1829. Klorini ilifuata: mwaka 1908 Jersey City nchini Marekani ilianza kuitia katika maji ya mji mzima kila siku.

Maji ya mto kama Ruaha Mdogo hayana budi kupitia hatua zote hizo. Kwenye mtambo wa Ndiuka, Iringa, kazi ya kwanza ni kuondoa tope. Chembe za udongo ni ndogo mno kuweza kuzama zenyewe, kwa hiyo maji hutiwa dawa ya kuzigandisha. Ya zamani na inayojulikana zaidi ni shabu. Chembe hushikamana, zikawa mabonge mazito, zikatua chini ya tenki. (Mbegu za mlonge zilizosagwa hufanya kazi hiyohiyo, na zimetumika muda mrefu kwenye mitungi ya vijijini katika nchi kadhaa za Afrika.) Maji yaliyotulia hupita kwenye mchanga, kisha hutiwa klorini. Mpangilio huo haugeuzwi, kwa sababu klorini ikikuta tope huishia kwenye tope, na vimelea vilivyojificha ndani yake husalimika.

Msimu wa mvua ndio mtihani. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na mvua za kwanza ndizo mbaya kuliko zote: huosha ardhi iliyokauka miezi mingi, zikabeba samadi, majivu na udongo wa mashamba hadi mtoni. Maji huwa mekundu, na kiasi cha dawa kilichotosha Septemba hakitoshi tena. Kilimo cha vinyungu, kinacholisha familia nyingi za Iringa wakati wa kiangazi, hufanyika mabondeni karibu kabisa na mkondo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Ni sheria nzuri ambayo ni ngumu kuisimamia, kwani ndani ya mita hizo 60 ndimo mbogamboga zinamostawi.

Kwa upande wa siasa, mwaka 1971 Serikali iliahidi kwamba ndani ya miaka 20 kila mwananchi wa kijijini angepata maji yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani. Denmark, kupitia shirika lake la misaada, Danida, iliandaa mipango mikuu ya maji ya mikoa ya Iringa, Ruvuma na Mbeya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na miradi mingi ya mserereko ikajengwa. Mwaka 1991 ulifika kabla ya ahadi kutimia, na Sera ya Maji ya mwaka huohuo ikaanza kuwataka watumiaji wachangie gharama. Mwishoni mwa miaka ya 1990 maji ya miji yakakabidhiwa kwa mamlaka zinazojiendesha. Leo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huzidhibiti bei na huduma, na viwango vya maji ya kunywa huwekwa na Shirika la Viwango (TBS): bakteria wa kinyesi aina ya E. coli hawatakiwi kuonekana hata mmoja katika mililita 100.

Kipimo hicho kikifikiwa mtamboni, safari bado haijaisha. Mbeya ilikuwa na watu 266,000 hivi mwaka 2002. Sensa ya 2022 ilihesabu 541,603. Mji ukikua hivyo huja mgao, na mgao ni adui wa usafi. Bomba lenye maji ya nguvu huvujisha nje. Likikatiwa maji hunyonya ndani kilicho kwenye udongo, na katika mitaa iliyobanana kama Soweto na Mwanjelwa udongo huo una vyoo vya shimo jirani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hutaka klorini kidogo, angalau miligramu 0.2 kwa lita, ibaki hadi kwenye bomba la mteja. Anayelalamikia harufu yake analalamikia kinga yake. Kuchemsha nako kunafaa: kwa mwinuko wa Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na joto hilo linatosha kuua vimelea.

Vijito vya mlimani havitoshi tena, na Mbeya imegeukia Mto Kiwira wilayani Rungwe. Kiwira ni mto unaopita katikati ya mashamba na makazi, na maji yake yatahitaji shabu, mchanga, klorini na pampu, kama ya Iringa.