Hitilafu za sauti baada ya kuboresha kompyuta

Hitilafu za sauti baada ya kuboresha kompyuta ni matatizo yanayotokea pale kompyuta inapoacha kutoa sauti, au inapotoa sauti yenye mikwaruzo au mvumo, baada ya kubadilishiwa au kuongezewa kifaa kama vile bodi mama, kadi ya michoro, kumbukumbu ya RAM au pawa saplai.

Mara nyingi hakuna kilichoungua. Huenda kompyuta inapeleka sauti kwenye tundu lingine, haina programu ya kuendesha chipu mpya ya sauti, au waya umechomoka wakati kasha lilipofunguliwa. Kwa sababu hiyo ukaguzi huanza na mambo yasiyo na gharama, kabla ya kununua kifaa kingine.

Historia

Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na spika ndogo ya ndani iliyotoa milio sahili tu. Aliyetaka muziki au sauti ya binadamu alihitaji kuongeza kadi ya sauti. Kadi iliyojulikana sana ni Sound Blaster, iliyotolewa mwaka 1989 na kampuni ya Creative ya Singapore.

Mwaka 1997 kampuni ya Intel ilitoa kanuni za AC'97, na mwaka 2004 zikafuatwa na High Definition Audio. Kanuni hizo zilirahisisha kuweka chipu ya sauti juu ya bodi mama yenyewe. Matokeo yake ni kwamba anayebadilisha bodi mama hubadilisha pia kifaa cha sauti, hata kama spika zake ni zilezile.

Sababu za kawaida

* Kadi mpya ya michoro: Waya wa HDMI hubeba picha na sauti kwa pamoja. Kadi mpya ikiwekwa, mfumo wa uendeshaji unaweza kuichagua kuwa njia kuu ya sauti. Kama skrini haina spika, hakuna kitakachosikika.
* Bodi mama mpya: Chipu yake ya sauti inaweza kuhitaji draiva nyingine, yaani programu inayouwezesha mfumo wa uendeshaji kuwasiliana na kifaa.
* Mpangilio wa BIOS: Chipu ya sauti ya bodi mama inaweza kuwa imezimwa, hasa kama kuna kadi ya sauti ya pekee.
* Waya wa matundu ya mbele: Plagi yake ndogo huchomekwa kwenye pini tisa za bodi mama, mara nyingi karibu na maandishi HD_AUDIO. Ikichomoka, matundu ya mbele hunyamaza lakini ya nyuma huendelea kufanya kazi.
* Tundu lisilo sahihi: Katika kompyuta nyingi za mezani tundu la kijani ni la spika, la waridi ni la maikrofoni, na la buluu hupokea sauti kutoka kifaa kingine.

Hatua za ukaguzi

1. Kuchomeka spika au hedifoni kwenye simu au redio. Zikilia huko, si mbovu.
2. Kuhakikisha spika zimewashwa, sauti haijafungwa, na waya uko kwenye tundu la kijani la nyuma.
3. Kufungua mipangilio ya sauti na kuchagua njia nyingine ya kutolea sauti. Katika Windows hufikiwa kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya spika iliyo chini ya skrini.
4. Kuangalia Device Manager katika Windows. Alama ya mshangao ya njano huonyesha kifaa chenye tatizo, mara nyingi la draiva. Katika Linux amri ya aplay -l huorodhesha vifaa vya kutolea sauti.
5. Kupakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa bodi mama au wa kompyuta, kwa kufuata namba ya modeli. Kama kompyuta haina intaneti, draiva inaweza kupakuliwa kwenye kompyuta nyingine na kuletwa kwa flashi.
6. Kuingia BIOS na kuhakikisha sauti ya bodi mama haijazimwa.
7. Kuzima kompyuta, kuchomoa waya wa umeme, kugusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha kukaza kadi na nyaya zilizolegea.

Kama bado hakuna sauti, majaribio mawili husaidia kujua kosa liko wapi. La kwanza ni kuwasha kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi, bila kugusa diski ya ndani. Sauti ikitoka, chipu ni nzima na kosa liko katika programu. La pili ni kuchomeka kadi ndogo ya sauti ya USB. Nyingi hufanya kazi bila kuwekewa draiva ya pekee. Ikilia huku chipu ya ndani ikiwa kimya katika majaribio yote, kadi hiyo inaweza kutumika badala ya kununua bodi mama nyingine.

Vumbi na umeme

Kata ya Nyarugusu iko katika Mkoa wa Geita, kwenye ukanda wa dhahabu ulio kusini mwa Ziwa Viktoria. Katika maeneo kama hayo, yenye makarasha ya kusaga mawe na barabara za vumbi, vumbi huingia kwenye matundu ya sauti na kusababisha mikwaruzo au sauti ya upande mmoja. Kabla ya kulaumu kifaa kipya, matundu hupulizwa kwa hewa kavu kompyuta ikiwa imezimwa.

Mvumo mzito usiokoma mara nyingi hutokana na umeme, ambao nchini Tanzania ni wa mzunguko wa hezi 50. Hutokea hasa kompyuta na spika zinapotumia soketi za mbali au soketi isiyo na waya wa ardhi. Kuchomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja huweza kuupunguza. Kukata pini ya ardhi ya plagi ili kuondoa mvumo ni hatari, kwa sababu mtu anaweza kupigwa na umeme akigusa kasha.

Umuhimu kwa watumiaji wasioona

Kwa mtumiaji asiyeona, kukosa sauti ni sawa na kuzimika kwa skrini. Programu kama NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, husoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini. Sauti ikikatika, mtumiaji huyo hawezi kufungua mipangilio ili kuirudisha. Kwa hiyo kabla ya kuboresha kompyuta ya mwanafunzi asiyeona, inafaa kuandaa hedifoni za USB zilizokwisha kujaribiwa, na draiva ya sauti iliyopakuliwa mapema. Baada ya kazi, sauti hujaribiwa kabla kompyuta haijarudishwa kwa mwenyewe.