Timu ya Taifa ya Somalia na Maana ya Mchezo wa Nyumbani

Katika orodha ambayo Shirikisho la Mpira wa Miguu la Dunia huitoa mara kwa mara ili kupima nguvu za timu za mataifa, Somalia imetajwa kwa miaka mingi karibu na nafasi ya 200, na nchi zilizo chini yake ni chache mno. Aisomaye orodha hiyo kijuujuu aghalabu hudhani kwamba Wasomali ni watu wasioujua mpira au wasioupenda. Dhana hiyo haina msingi. Orodha huhesabu matokeo ya michezo. Haisemi lolote juu ya mahali mchezo ulipochezwa, na katika habari za Somalia mahali ndipo penye mzizi wa jambo lote.

Mpira uliota mapema katika miji ya pwani ile, hasa Mogadishu, wakati wa utawala wa Waitalia. Shirikisho la mpira la Wasomali liliundwa mwaka wa 1951, yaani miaka tisa kabla ya uhuru na muungano wa tarehe 1 Julai 1960, na katika mwaka wa 1962 likapokewa katika shirikisho la dunia. Mwaka wa 1978 ulifunguliwa uwanja mkubwa wa Mogadishu, uliojengwa kwa msaada wa China. Miaka miwili baadaye timu iliingia katika mchujo wa Kombe la Dunia ikapambana na Niger. Ugenini ilitoka sare bila bao. Kwao ikatoka sare ya bao moja kwa moja. Wasomali hawakushindwa katika mchezo hata mmoja, walakini walitolewa, kwa kuwa kanuni ya siku zile ililipa bao la ugenini uzito mkubwa zaidi. Timu iliyotolewa kwa namna hiyo haiwezi kuitwa dhaifu.

Serikali ya Siad Barre iliangushwa mwezi wa Januari 1991, na nchi ikaingia vitani. Historia ya uwanja ule tangu hapo yatosha kueleza historia ya timu. Askari wa Umoja wa Mataifa walifanya kambi humo. Baadaye wakaja askari wa Ethiopia. Kisha wanamgambo wa al-Shabaab wakapafanya mahali pa mazoezi ya vita hadi walipouhama mji mwezi wa Agosti 2011. Baada yao wakaingia askari wa Umoja wa Afrika, ambao hawakuukabidhi uwanja kwa wenyewe mpaka Agosti 2018. Kwa zaidi ya robo karne mahali palipojengwa kwa ajili ya mpira palikuwa ngome.

Hapo ndipo neno "nyumbani" lilipopotewa na maana yake. Kwa desturi ya mashindano, timu mbili huchezeana mara mbili, kila moja ikipata zamu ya kuwa mwenyeji. Mwaka wa 2000 Somalia ilipangiwa Kamerun, ikacheza michezo yote miwili katika nchi ya Kamerun, na kila mara ikafungwa mabao matatu bila jibu. Mwaka wa 2003 ilipangiwa Ghana; mchezo ulioandikwa kuwa wa Wasomali kwao ulichezwa Accra, nao wakafungwa matano. Mwaka wa 2011 walimpokea Mwethiopia mjini Djibouti, wakatoka naye sare bila bao, kisha wakafungwa matano Addis Ababa. Mwaka wa 2015 "kwao" kukawa Addis Ababa yenyewe. Mwenyeji aliyekaribishwa na mgeni wake ni kinyume cha lugha, lakini ratiba haikuona ajabu.

Wala hatari haikuwa ya wachezaji peke yao. Katika Kombe la Dunia la mwaka wa 2010 wanamgambo waliwakataza watu hata kuutazama mpira katika televisheni. Tarehe 4 Aprili 2012 bomu lililipuka katika Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa mjini Mogadishu, lililokuwa limefunguliwa upya majuma machache tu nyuma. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo Said Mohamed Nur, rais wa shirikisho la mpira, na Aden Yabarow Wiish, rais wa kamati ya Olimpiki.

Kwa hiyo tarehe 5 Septemba 2019 yastahili kukumbukwa kuliko nafasi yoyote katika orodha. Siku hiyo, huko Djibouti, Somalia iliifunga Zimbabwe bao moja bila, dakika zikiwa zimekaribia kwisha. Mfungaji ni Anwar Sidali Shakunda. Huo ulikuwa ushindi wao wa kwanza kabisa katika mchujo wa Kombe la Dunia. Katika marudiano ya Harare Zimbabwe ilitangulia, Somalia ikasawazisha, na hata ilipofungwa la pili ilikuwa bado inaongoza kwa bao la ugenini, kanuni ileile iliyoitoa zamani mbele ya Niger. Bao la tatu, alilolifunga Khama Billiat katika dakika za nyongeza, ndilo lililoifuta hesabu.

Vita vilivyoufunga uwanja viliwatawanya watu pia, na wengi wa wachezaji wa siku hizi walilelewa Ulaya. Kwa wachunguzi wa Kiswahili kuna tukio moja lenye uzito wa pekee. Barawa ni mji wa Chimwini, lahaja ya Kiswahili ya kaskazini kabisa, ambayo wasemaji wake wengi walikimbia vita. Mwaka wa 2018 mashindano ya dunia ya timu zisizokuwamo katika shirikisho kuu yalifanyika London, na mwenyeji wake rasmi alikuwa timu ya Barawa, iliyoundwa na watu wa asili ya kusini mwa Somalia waishio Uingereza. Watu wa Barawa walipata kuwa wenyeji, lakini kando ya mto Thames.

Uwanja wa Mogadishu ulifunguliwa tena tarehe 30 Juni 2020, baada ya kutengenezwa. Hata hivyo, tarehe 9 Oktoba 2025, katika mchujo wa Kombe la Dunia la 2026, Somalia iliandikwa kuwa mwenyeji wa Aljeria. Mchezo ulichezwa Oran, katika nchi ya Aljeria. Wageni walishinda mabao matatu bila, wakafuzu kwenda Kombe la Dunia mbele ya watu wao wenyewe.