Mwangwi Kutoka Kifuani

Mtu akianza kuhema kwa hatua chache, miguu ikavimba, na usiku asiweze kulala ila kwa kuegemea mito, majirani wa Mbagala au Tandale hawakosi majibu. Mmoja atasema ni pumu, mwingine kifua kikuu, wa tatu atasema kuna mkono wa mtu. Moyo huwa wa mwisho kushukiwa, maana umejificha nyuma ya mbavu. Leo tuzungumzie jinsi binadamu alivyojifunza kuutazama bila kutumia kisu.

Mwaka 1816 daktari Mfaransa, René Laennec, alikunja karatasi ikawa bomba na kusikiliza kifua cha mgonjwa. Kwa zaidi ya karne moja baada ya hapo sikio lilibaki kuwa tegemeo kubwa. Ndipo mwaka 1953, mjini Lund, Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walipopata msaada kiwandani. Mafundi wa meli wa Malmö walikuwa wakipeleka mawimbi ya sauti ndani ya chuma na kusoma mwangwi wake ili kugundua nyufa. Hertz alikiweka kifaa hicho kifuani mwake mwenyewe, akaona mwangwi ukicheza pamoja na mapigo ya moyo. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Norway wakaonyesha kwamba hata kasi ya damu inayopita kwenye vali iliyobana inaweza kupimwa kwa sauti, na ukubwa wa mbano ukajulikana.

Hapa kwetu, upasuaji mkubwa wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walipelekwa India. Mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Utafiti uliofanywa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulichunguza watu wazima 427 ambao moyo wao ulikuwa umeshindwa kazi. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55 tu. Kwa asilimia 45 chanzo kilikuwa shinikizo la damu, na kwa asilimia 12 vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Bila kipimo hiki cha mwangwi, ni vigumu kuwatenganisha watu hao, na dawa zao si zilezile.

Lakini mashine haioni. Anayeona ni mtu. Mfupa na hewa ya mapafu huzuia sauti, kwa hiyo mpimaji humlaza mgonjwa ubavu wa kushoto na kutafuta upenyo kati ya mbavu. Akiinamisha mkono kidogo tu, chumba cha moyo hukatwa upande, kikaonekana kifupi, na moyo mgonjwa ukadhaniwa mzima. Vipimo vipya zaidi hupima jinsi misuli ya moyo inavyojikunja katika kila pigo, na huweza kugundua udhaifu wakati moyo bado unasukuma damu kwa kiwango kinachoonekana cha kawaida. Navyo pia, picha ikiwa mbaya, hutoa tarakimu safi ya uongo.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Mashine huweza kununuliwa na kufungwa Temeke au Mwananyamala kwa siku moja. Jicho na mkono wa kuitumia huhitaji miezi na miaka, mgonjwa baada ya mgonjwa, mwalimu akiwa amesimama kando anasahihisha. Tunapohesabu mashine zilizozinduliwa kwa kukatwa utepe, tuhesabu na watu waliofundishwa kuzitumia.

Nawe msikilizaji, usingoje kuonyeshwa moyo wako kwenye kioo. Kupima presha katika zahanati ya mtaani kwako ni kazi ya dakika chache, na mioyo mingi kati ya ile iliyochunguzwa Muhimbili ilianza kuharibikia hapo. Tukutane wiki ijayo.